Birika la Ghorofa Mbili

Nyahanga, Kahama
3 Machi 2024

Mdogo wangu Pantaleo,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila nimeipokea mapema ili tusipoteze muda.

Sisi wa hapa wazima. Mama anakula vizuri na kulala vizuri, macho tu ndiyo yanazidi kufifia. Juzi alimsalimia mbuzi wa jirani "mwangaluka" akasimama kungoja ajibiwe, na mbuzi alipokaa kimya, Mama akaingia ndani amenuna kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mahindi yamefika magotini. Paa la choo nimelitengeneza mwenyewe, maana wewe uliahidi tangu mwaka juzi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako imenichosha. Nikikupigia unasema mtandao unakatakata, na kweli unakatika, lakini sikuzote unakatika pale ninapofika kwenye jambo lenyewe. Ujumbe wa sauti unausikiliza, alama mbili za bluu naziona, halafu kimya. Sasa barua hii anakuletea Onesmo, kondakta wa basi la Geita, ambaye nilimfundisha darasa la tatu na bado ananiogopa. Nimemwambia asiiache kwa mtu mwingine, na mzigo unaofuatana nayo vilevile.

Mzigo huo ni birika la kahawa. Desemba ulipokuja ulikaa jikoni kwangu ukanywa vikombe vitatu, ukasema kwamba ungekuwa unaipata kahawa ya namna hii kila asubuhi, ile chupa ya pombe ungeisahau. Mke wako Mageni alikuwa anachambua mchele pale mlangoni. Mikono yake ilisimama. Mimi niliyaweka maneno yako.

Basi wiki iliyopita nimekwenda duka la Zahida, lile la vyombo nyuma ya soko. Aliniletea la umeme, lenye jagi la kioo na taa nyekundu, nikamwambia mdogo wangu mchimbaji anaishi kwenye sola inayowasha balbu mbili na kuchaji simu. Akaniletea la kioo la kubonyeza kwa juu, nikamwambia kuna mtoto wa miaka minne katika nyumba hiyo, kioo hakitamaliza wiki. Ndipo akateremsha lile kama langu, la ghorofa mbili, la alumini, linalokaa juu ya jiko la mkaa. Mwanamume mmoja aliyekuwa ananunua ndoo akauliza mchimbaji wa dhahabu anataka nini na birika la kahawa, sufuria si ipo. Nilimgeukia. Nilimwuliza kama mchimbaji ana ulimi au hana, na kama anao, kwa nini usionje kitu kizuri. Akalipa ndoo yake akaondoka.

Sasa sikiliza. Ghorofa ya chini ni ya maji, katikati kuna kikombe chenye matundu cha kuweka unga, juu ni jagi. Maji yaishie chini ya kile kitundu cha pembeni, yasikipite, hapo ndipo mvuke unapotokea ukizidi. Unga usiushindilie. Hakikisha raba imekaa sawa, kisha kaza. Moto uwe mdogo. Ukisikia linakoroma, teremsha, usingoje. Usilioshe kwa sabuni, inaacha ladha. Suuza kwa maji matupu, lianike wazi. Na lisipikiwe kitu kingine chochote, si chai, si maziwa ya Vumilia. Mpe Mageni asome haya, mkono wake umetulia kuliko wako.

Kahawa iliyosagwa nimeweka robo kilo. Ikiisha sema.

Dada yako,
Limi


Geita
14 Aprili 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yangu, mwambie macho yake nayawaza. Sisi hapa hatujambo. Vumilia anajua kuhesabu mpaka ishirini ila kumi na saba anairuka. Mageni anakusalimia sana.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua zilijaza maji kwenye shimo la duara letu tukawa tunayavuta kwa pampu usiku na mchana, na pampu yenyewe unaijua ilivyo, ni ya kubembeleza.

Birika nililipokea kutoka mkononi mwa Onesmo, asante, wabeja sana. Ni chombo, dada. Halivuji hata kidogo. Ukilikaza vizuri, mvuke wote unapanda juu na kuganda hukohuko juu, hakuna kinachopotea hewani. Nalibeba kwenye begi kila Jumatatu kwenda nalo mwaloni, pale tunapooshea mchanga, na Jumamosi narudi nalo nyumbani. Wenzangu Selestine na Bujiku wamelishangaa. Wanauliza kama yapo makubwa zaidi, na kama yapo ya stili. Hata mimi, kama Zahida analo la stili, ningeshukuru kubadilishiwa, maana alumini ni laini.

Pombe sijaigusa tangu Januari. Hilo naliandika kwa sababu najua utaliuliza.

Mdogo wako,
Pantaleo


Nyahanga
2 Mei 2024

Pantaleo,

Marahaba. Mama anasema marahaba na anauliza utakuja lini. Mjibu mwenyewe.

Wiki sita nimengoja barua yako, na ilipofika niliisoma mara tatu nikitafuta neno moja tu: kahawa. Halimo. Umelisifia birika kama fundi bomba anayesifia bomba. Halivuji, mvuke unapanda, hakuna kinachopotea. Nimekununulia kitu unywe, wewe unaniandikia habari za mvuke. Je, ni tamu? Ni chungu? Inakufaa asubuhi? Selestine na Bujiku wameonja wakasemaje? Na robo kilo ile mpaka leo haijaisha? Mimi robo kilo hainifikishi wiki tatu, na nakunywa peke yangu, Mama hataki hata harufu yake.

Halafu la stili. Yaani mtu anapewa zawadi, kabla hajasema asante ya pili anataka ibadilishwe. Hata kama alumini ni laini, unaligonga na nini? Ni birika, si nyundo.

Sasa jambo lililoniudhi zaidi. Onesmo alipokuwa ananikabidhi barua yako akasema, "Mwalimu, hongera, shemeji wa Geita ni mjamzito." Nikasimama stendi nimeshika bahasha yangu, nampongeza kondakta kwa kunipa habari za tumbo la wifi yangu. Mageni alipoteza wawili kabla ya Vumilia, na mimi ndiye niliyelala naye hospitali mara zote mbili. Kwa nini sikuambiwa? Ana miezi mingapi? Anakwenda kliniki? Anabeba maji yeye?

Nijibu yote, moja moja.

Limi


Geita
26 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Umekasirika na una haki. Mimba ina miezi sita. Ni Mageni aliyesema tusitangaze mpaka izidi mitano, kwa sababu ya wale wawili. Kliniki anakwenda. Maji nachota mimi, nikiwa sipo anachota mke wa Selestine.

Kahawa ni tamu. Mageni anaipika Jumapili tukitoka kanisani, kama ulivyoelekeza, barua yako ameibandika ukutani juu ya jiko. Kazini tunakunywa kidogo kidogo, ndiyo maana haijaisha.

Lakini dada, habari mbaya ni kwamba lile birika limeharibika. Ndani, ghorofa ya chini, limeota vinyweleo vyeupe, laini, kama ukungu wa mkate. Ukivifuta, baada ya muda vinaota tena. Kitako kimetoboka tundu la kuingia njiti ya kiberiti. Raba nayo imeungua. Miezi mitatu tu. Watu hapa wanasema ni mali feki, hayo mabirika yanamwagwa kwetu kwa sababu wanajua hatujui. Nimempa Onesmo akuletee. Tafadhali mrudishie Zahida, umwambie abadilishe atupe la stili, na usikubali akuzungushe. Ila usimwambie kama nilikuwa naenda nalo kazini, atasingizia matumizi mabaya.

Samahani kwa mwandiko. Nina homa homa tangu wiki iliyopita na mkono unatetemeka kidogo. Ni malaria, itapita.

Pantaleo


Nyahanga
9 Juni 2024

Pantaleo,

Mama mzima. Mahindi tumevuna. Salamu zimeishia hapo.

Nililipokea birika siku ya Alhamisi, nikalifungua, nikaviona hivyo vinyweleo, na damu ikanipanda kichwani. Sikunywa hata maji. Nikavaa kitenge changu cha mikutano nikaenda moja kwa moja kwa Zahida. Nilimkuta na wateja wanne. Nililiweka birika juu ya kaunta nikaanza kusema, na unanijua nikianza. Nilimwambia kwamba mimi nimefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini na moja na sijawahi kumuuzia mtu uongo. Nilimwambia anajua bidhaa hizi zinakwenda machimboni, kwa watu wa kazi ngumu, ndiyo maana anawapelekea takataka. Wateja wawili walirudisha masufuria waliyokuwa wameshika. Yote hayo niliyasema kwa sauti ambayo darasa la watoto tisini lilikuwa linaisikia.

Zahida alilitazama birika bila kuligusa. Kisha akavua pete yake ya ndoa, akavua na bangili zake mbili za dhahabu, akazifungia kwenye droo, ndipo akalishika. Nikazidi kuwaka. Nikamwuliza, yaani chombo cha nyumbani kwetu ni kichafu kiasi hicho, mpaka uvue dhahabu yako kwanza?

Akaniambia taratibu, "Mwalimu, hebu kaa." Sikukaa. Akanionyesha raba, imekuwa mkaa mtupu. Akasema raba haiungui namna hii kama kuna maji ndani. Hili limewekwa motoni kavu, tena siyo mara moja. Akanionyesha vinyweleo. Akasema kahawa haiotishi vitu hivi, wala maji, wala chumvi. Baba yake alikuwa sonara hapahapa Kahama, na tangu utotoni alikatazwa kuingia chumba cha kazi amevaa dhahabu, kwa sababu ya kitu kimoja kinachoigeuza nyeupe na kuila, na alumini kinaila vibaya zaidi. Akainamisha birika, akagonga ubavuni kwa kucha. Katika mkunjo wa kile kikombe cha matundu kikatoka kitone cheupe, kinang'aa, kikaviringika juu ya kaunta mbele ya watu wote.

"Zebaki," akasema. "Mdogo wako anachomea dhahabu humu."

Nilikaa, Pantaleo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya watu niliokuwa nawahutubia. Nimemwita mwanamke mwaminifu tapeli, kwa maneno uliyoniandikia wewe, ukijua si kweli. Uliniagiza mpaka na namna ya kusema: nisikubali azungushe, nisitaje kazini. Umenituma kama mtoto anayetumwa kusema uongo kwa jirani, na nina miaka sitini na mbili.

Na hiyo bado si hasira yangu yote. Zahida ameniambia mvuke wa kitu hiki unaingia mapafuni, unaingia kwenye neva, mikono inaanza kutetemeka. Nimeitoa barua yako ya Mei nikailaza kando ya ile ya Aprili. Aprili unaandika kama nilivyokufundisha. Mei herufi zako zimetawanyika. Hiyo si malaria na unajua.

Akaniambia pia kwamba kwa mwenye mimba ni hatari zaidi. Kwa hiyo nakuuliza swali moja na nataka jibu moja. Uliniandikia kwamba Mageni anapika kahawa Jumapili. Alikuwa anaipika ndani ya nini?

Limi


Nyahanga
30 Juni 2024

Pantaleo,

Wiki tatu. Onesmo ameniapia kwamba alikukabidhi barua mkononi na ukaifungua mbele yake. Nimekupigia mara kumi na nne, na Mageni nimempigia, simu yake haipatikani. Nikikosa jibu kabla ya tarehe kumi nitapanda basi nije kuuliza mlangoni kwako mbele ya majirani.

Limi


Geita
7 Julai 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Simu ya Mageni niliichukua mimi nikasema imeharibika. Naanza na hilo ili ujue leo siandiki uongo.

Ni kweli tulichomea. Lakini kabla hujanihukumu, acha nikueleze, maana wewe umelaani ukiwa umekaa kwenye kiti na pensheni inaingia kila mwezi. Miaka yote donge la dhahabu iliyonaswa na zebaki tulikuwa tunalichomea juu ya koleo ili zebaki itoke, peupe, tumeinama, moshi unatupiga usoni. Mwaka jana alikuja mtaalamu, akatukalisha chini ya turubai, akatuonyesha picha kwamba zebaki ichomewe kwenye chombo kilichofungwa, mvuke upande kwenye bomba, ugande, usiingie kifuani. Tukapiga makofi. Tukauliza vyombo viko wapi. Akasema hiyo ni awamu nyingine. Akala wali wake akaondoka, na awamu nyingine hatujaiona hadi leo. Wanakuja, wanatupiga picha, wanatuambia tunajiua, halafu wanatuacha na koleo.

Likaja birika lako. Nililifungua nikaona ni chombo kilekile cha kwenye picha: moto chini, mvuke unapanda kwenye mrija, juu kuna kifuniko. Nilikaa nalitazama saa nzima. Naapa niliona ni Mungu. Selestine na Bujiku walikuwa wanakohoa, mimi nilikuwa nakohoa. Tulitandika kipande cha bati ndani, tukakaza, tukachoma, na zebaki karibu yote tukaikuta juu. Hatukunusa moshi. Nilipokuandikia kwamba hakuna kinachopotea hewani nilikuwa na furaha ya kweli, nilitaka kukueleza yote, nikaogopa utasema nimeidharau zawadi. Nilijua alumini haitadumu, ndiyo maana niliomba la stili. Nilipoona vinyweleo niliona aibu, nikamsukumia Zahida. Hilo halina utetezi.

Sasa swali lako. Nimelibeba wiki nne.

Lilikuwa hilohilo moja. Sikuwa na jingine. Mageni alijua nalipeleka kazini tunywee kahawa. Jumamosi kabla ya kurudi nalo, nilikuwa nalisugua kwa mchanga na majivu kule mwaloni mpaka ling'ae. Jumapili yeye analitoa, analisuuza kwa maji matupu kwa sababu umeandika sabuni inaacha ladha, anaweka unga, anakaa kwenye kigoda anangoja likorome. Ile barua yako ukutani anaisoma kila mara kama vile hajaisoma. Ndiyo saa yake pekee ya kukaa katika wiki nzima. Mara ya kwanza nilitaka kumzuia. Nikafikiri, nikimwambia kwa nini, ataniuliza na mengine. Nikajiambia nimelisugua vizuri. Nikapokea kikombe nikanywa naye, ili asishtuke.

Ni Jumapili saba, dada. Vumilia hakunywa, hilo nilihakikisha, nilimwambia mama yake kahawa si ya watoto.

Mageni bado hajui.

Pantaleo


Nyahanga
10 Julai 2024

Pantaleo,

Onesmo anasubiri nje ninapoandika, amezuia basi, na abiria wanapiga kelele. Waache wapige.

Hilo la pensheni nimelisikia, na linauma kwa sababu lina ukweli. Yule mtu wa turubai na mimi ningependa kumpata. Lakini hasira yako juu yake usiitumie kujifunika. Yeye hakukaa mezani na Mageni. Ulihakikisha mtoto hanywi. Maana yake ulijua. Mtu aliyeamini limesafishika angempa na mtoto. Mstari huo umeuandika ukidhani unajitetea, na mimi tangu jana sijaweza kuupita.

Neno la sabuni niliandika mimi. Nimemwuliza Zahida kama sabuni ingesaidia, akasema isingesaidia kitu, zebaki haitoki kwa sabuni. Nimeshukuru akaniambia hivyo, lakini usiku naliona neno lenyewe na mwandiko wangu. Nilikwenda dukani kwake siku ya gulio, saa ambayo wateja ni wengi, nikamwomba radhi kwa sauti ileile niliyomtukania. Alinipa soda. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari anayemfahamu.

Daktari amesema Mageni aletwe sasa hivi, apimwe mkojo na damu, na mtoto aangaliwe kwa kipimo cha picha. Hakuniahidi zuri wala baya. Amesema kuna wanaopona wasione kitu, na kuna wengine, na hakuna wa kujua bila kupima. Na wewe mkono huo uje nao, ukae mbali na moto kuanzia leo. Selestine na Bujiku waambie vilevile.

Mageni apande basi la Jumamosi pamoja na Vumilia. Chumba kimefagiliwa. Lakini hapandi basi hajui anachokwenda kupimwa. Usimwambie ni vipimo vya kawaida. Usimwambie dada ameota ndoto mbaya. Utakaa naye chini umwambie lile birika lilikuwa nini, ulichomea nini humo, na Jumapili ngapi. Kwa kinywa chako, si kwa barua, wala si kwa simu. Akishuka hapa nikagundua hajui, nitamwambia mimi, na baada ya hapo usinihesabu tena miongoni mwa ndugu zako.

Limi


Geita
13 Julai 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mageni mwenyewe. Bahasha sijaifunga, amesema ataisoma njiani, kwa hiyo sina nafasi ya kupunguza neno.

Nimemwambia jana asubuhi, Vumilia akiwa kwa mke wa Selestine. Nilimwambia yote kwa mpangilio ulionipa. Nilitegemea atalia, au atanipiga na kitu, nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Aliuliza ni Jumapili zipi. Nikamtajia. Akawa anahesabu kwa vidole kutoka mwezi gani wa mimba mpaka mwezi gani, midomo inacheza, sauti haitoki. Alipomaliza kuhesabu akaweka mkono tumboni akaubakiza pale.

Nikasema, kama kumfariji, kwamba na mimi nilikuwa nakunywa, kwamba kila kikombe alichokunywa yeye na mimi nilikunywa changu. Dada, nilikuwa nimelishikilia jambo hilo wiki zote hizi. Niliamini ndicho kitu kimoja nilichofanya kama mume.

Mageni akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. Akasema, "Wewe ulikuwa unajua unakunywa nini. Kwa nini hukunywa peke yako?"

Sasa amekwisha kufunga mzigo, amemvika Vumilia viatu, amekaa kwenye kigoda nje anangoja basi, na nilipokwenda kumbebea mkoba aliuhamishia mkono wa pili.

Mpokee.

Pantaleo